Kupima Uchumvi wa Maji: Mafunzo Kutoka Tangi la Samaki

Mji wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uko zaidi ya kilometa 600 kutoka mwambao wa Bahari ya Hindi. Hata hivyo maji ya chumvi si jambo geni katika mkoa huu. Mito ya Simiyu na Duma huchukua maji ya mvua na kuyapeleka Ziwa Viktoria, ziwa la maji baridi lenye mlango wa kutokea, yaani Mto Nile. Upande wa kusini-mashariki mambo ni tofauti. Huko Mto Sibiti, unaopita mpakani mwa Wilaya ya Meatu na Mkoa wa Singida, huingia katika Ziwa Eyasi. Ziwa hilo halina mto unaotoka. Maji yake huondoka kwa njia moja tu, nayo ni kugeuka mvuke na kwenda hewani. Mvuke hauchukui chumvi, hivyo chumvi iliyoletwa na mito hubaki na kuongezeka mwaka hata mwaka. Ndiyo sababu Wasukuma wa vizazi vilivyopita walifunga safari ndefu za miguu kwenda Eyasi kuchukua chumvi.

Mtu anayefuga samaki wa baharini ndani ya tangi la kioo nyumbani kwake amejitengenezea Eyasi ndogo. Tangi nalo halina mlango wa kutokea. Maji huondoka kama mvuke, chumvi ikabaki, na samaki hawana pa kukimbilia. Kwa hiyo mfugaji hana budi kujua, kila juma, kiasi cha chumvi kilichomo katika maji yake. Kazi hiyo inaonekana nyepesi, lakini ndani yake mna somo kubwa la fizikia na kemia. Makala hii inakusudia kueleza njia zinazotumika kupima uchumvi, kuonyesha jinsi kifaa cha kupimia kinavyoweza kutengenezwa na kusahihishwa shuleni, na kubainisha makosa yanayowapata wale wanaosoma tarakimu bila kuuliza kifaa kimeona nini.

Uchumvi ni nini?

Uchumvi wa maji ni jumla ya chumvi zote zilizoyeyuka ndani yake, ikilinganishwa na uzito wa mmumunyo wote. Maji ya bahari kuu, kwa wastani, yana gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja. Hii haina maana kwamba ni gramu 35 za chumvi ya mezani. Kilo moja ya maji hayo ina takriban gramu 19.35 za kloridi, gramu 10.78 za sodiamu, gramu 2.71 za salfati, gramu 1.28 za magnesi, gramu 0.41 za kalsi na gramu 0.40 za potasi. Vitu vingine vyote vikijumlishwa ni sehemu ndogo tu ya gramu moja.

Mwaka 1819 mwanakemia Alexander Marcet alieleza kwamba maji ya bahari mbalimbali hutofautiana kwa wingi wa chumvi, lakini uwiano wa chumvi zenyewe hauonekani kubadilika. Jambo hilo lilithibitishwa baada ya safari ya meli ya utafiti iliyoitwa Challenger, iliyozunguka dunia kuanzia mwaka 1872 hadi 1876. William Dittmar alichunguza sampuli 77 za maji yaliyoletwa na meli hiyo, akachapisha matokeo yake mwaka 1884. Aliona kwamba bahari yenye chumvi nyingi na bahari yenye chumvi chache zina mchanganyiko wa namna moja. Tofauti yake ni wingi wa maji yaliyouzimua mchanganyiko huo.

Kanuni hii ndiyo msingi wa upimaji wote wa uchumvi wa bahari. Ikiwa uwiano haubadiliki, hakuna haja ya kupima kila chumvi peke yake. Inatosha kupima sifa moja ya maji, kama vile densiti au wingi wa kloridi, kisha kukadiria zilizobaki. Lakini kanuni hiyo ni ya bahari. Haikuwekwa kwa ajili ya Eyasi, wala kwa kisima cha Meatu, wala kwa ndoo ya maji yaliyotiwa chumvi ya mezani. Msomaji aishike tofauti hii, kwa maana itarudi tena mbele.

Kwa nini samaki hujali?

Ngozi nyororo ya matamvua ya samaki huruhusu maji kupita kutoka upande wenye chumvi chache kwenda upande wenye chumvi nyingi. Tendo hili huitwa osmosisi. Majimaji ya mwilini mwa samaki wengi wa baharini wenye mifupa yana uchumvi wa karibu theluthi moja tu ya ule wa bahari. Kwa hiyo samaki wa baharini, ingawa amezungukwa na maji, hupoteza maji ya mwili wake wakati wote. Hulazimika kunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi ya ziada kwa njia ya matamvua. Samaki wa maji baridi ana shida ya kinyume chake: maji humwingia bila kualikwa, naye huyatoa kwa mkojo mwingi mwepesi.

Wako pia samaki waliozoea maziwa ya chumvi ya bara. Mmoja wao ni aina ya perege inayoitwa Oreochromis amphimelas, anayepatikana katika maziwa ya Tanzania kama Eyasi, Manyara na Kitangiri. Hata samaki hodari wa namna hiyo ana mpaka wake. Mabadiliko ya polepole huweza kuvumilika. Mabadiliko ya ghafla humlazimu samaki kutumia nguvu zake zote kusawazisha maji na chumvi mwilini, akadhoofika na hata kufa.

Hesabu ndogo itaonyesha jinsi hatari inavyoingia. Tuseme tangi lina lita 54 za maji ya bahari yenye uchumvi wa 35. Ndani yake mna takriban kilo 1.94 za chumvi. Sehemu moja ya kumi ya maji ikigeuka mvuke, chumvi hiyo yote inabaki katika maji machache zaidi, na uchumvi unapanda hadi karibu 39. Mfugaji akijaza pengo kwa maji baridi yaliyo safi, uchumvi unarudi 35. Lakini akijaza kwa maji ya bahari, akidhani kwamba maji ya chumvi hulipwa kwa maji ya chumvi, anaongeza chumvi juu ya chumvi. Akirudia kosa hilo mara tatu, uchumvi utapita 45. Maji yataonekana yale yale kwa macho, na kina chake kitakuwa kile kile. Kipimo tu ndicho kitakachosema ukweli.

Ulimi haufai kwa kazi hii. Mpishi huweza kuonja mchuzi akajua kama chumvi imekolea, lakini hawezi kutofautisha 35 na 39, na ulimi uliokwisha kuonja mara moja hupoteza wepesi wake.

Njia za kupima, na kile kila njia inachokiona

Njia ya kwanza ni kukausha. Maji yaliyopimwa uzito huchemshwa polepole katika bakuli mpaka yaishe, kisha masalio hupimwa kwa mizani. Njia hii inaonekana kuwa ya moja kwa moja kuliko zote, kwa sababu inaitazama chumvi yenyewe. Hata hivyo ina udhaifu. Chumvi za magnesi hushikilia maji kwa nguvu, na zikichomwa sana huharibika na kutoa gesi. Bikaboneti ya sodiamu, iliyo nyingi katika maji ya magadi, ikipashwa moto hutoa gesi ya kaboni dioksaidi na mvuke wa maji, ikageuka kuwa kaboneti. Katika badiliko hilo gramu 168 za bikaboneti huacha gramu 106 tu za kaboneti. Kwa hiyo anayekausha maji ya ziwa la magadi hupata chumvi pungufu kuliko ile iliyokuwa imeyeyuka.

Njia ya pili ni haidromita. Kifaa hiki huelea majini, na maji yanapokuwa mazito zaidi nacho huzama kidogo zaidi. Wafugaji wa ng'ombe na wanunuzi wa maziwa wanaifahamu ndugu yake, laktomita, itumikayo kugundua maziwa yaliyotiwa maji. Haidromita haioni chumvi. Inachoona ni densiti.

Njia ya tatu ni refraktomita, kifaa kinachopima jinsi mwali wa mwanga unavyopinda unapoingia katika tone la maji. Mwanga hupinda zaidi katika maji yenye chumvi. Hiki nacho hakioni chumvi. Kinaona mpindo wa mwanga.

Njia ya nne ni kupima upitishaji wa umeme. Chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa ioni, na ioni ndizo zinazobeba umeme ndani ya maji. Maji ya bahari yenye uchumvi wa 35, katika sentigredi 25, hupitisha umeme kwa kiasi cha milisimens 53 kwa sentimeta. Maji ya Ziwa Viktoria hupitisha kiasi cha mikrosimens 100 tu kwa sentimeta, yaani zaidi ya mara 500 pungufu. Kifaa hiki kinaona ioni, lakini hakijui ni ioni zipi.

Njia ya tano ni ya kikemia. Nitrati ya fedha hudondoshwa katika sampuli mpaka kloridi yote igeuke mashapo meupe ya kloridi ya fedha. Kwa miaka mingi tangu mwanzo wa karne ya 20 wanasayansi wa bahari walitumia njia hii, na katika miaka ya 1960 kanuni yake iliwekwa kwamba uchumvi ni kloridi iliyopimwa hivyo, ikizidishwa kwa 1.80655. Mwaka 1978 ikaundwa skeli mpya inayotegemea umeme: upitishaji wa sampuli hulinganishwa na ule wa mmumunyo wa kloridi ya potasi wenye gramu 32.4356 katika kila kilo, katika sentigredi 15. Hata wataalamu wa bahari, basi, hawaipimi chumvi yenyewe. Hupima kitu kingine na kukilinganisha na kipimo kilichokubaliwa.

Jaribio la kwanza: kutengeneza haidromita

Wanafunzi wengi hufundishwa kutengeneza haidromita kwa mrija wa kunywea soda uliozibwa chini kwa nta na kutiwa mchanga. Mrija huo huelea vizuri, lakini haufai kupima maji ya bahari, na sababu yake inastahili kuhesabiwa. Kitu kinachoelea huzama mpaka kihamishe maji yenye tungamo sawa na lake. Katika sentigredi 25, densiti ya maji safi ni gramu 0.9970 kwa sentimeta ya ujazo, na ya maji ya bahari yenye uchumvi wa 35 ni 1.0233. Mrija uliozama sentimeta 20 katika maji safi utazama sentimeta 19.5 katika maji ya bahari. Tofauti nzima, kutoka maji yasiyo na chumvi hadi bahari, ni milimeta 5 tu.

Dawa ni kuongeza tumbo la kifaa na kupunguza unene wa shingo yake. Mwanafunzi achukue chupa ndogo ya plastiki ya dawa yenye ujazo wa nje wa karibu sentimeta 20 za ujazo. Atoboe kifuniko chake, apitishe mrija wenye kipenyo cha milimeta 5, na kuziba pande zote kwa nta ili maji yasiingie. Kabla ya kufunga, atie mchanga mkavu au misumari midogo ndani ya chupa mpaka kifaa kielee wima katika maji safi, huku sentimeta 10 za mrija zikiwa zimezama. Ndani ya mrija ateleze kipande cha karatasi kilichochorwa milimeta.

Kifaa hiki huhamisha sentimeta za ujazo 22 za maji safi: 20 kwa chupa na 2 kwa mrija. Kikitiwa katika maji ya bahari kitahamisha 21.43 tu. Tofauti ya 0.57 hugawanywa kwa eneo la mkato wa mrija, ambalo ni karibu sentimeta ya mraba 0.2. Mrija utapanda karibu sentimeta 2.8. Milimeta 5 zimekuwa milimeta 28, na kila gramu moja ya chumvi katika kilo ya maji huonekana kwa takriban milimeta 0.8. Ndiyo maana haidromita za dukani zina tumbo nene na shingo nyembamba. Umbo hilo halikuwekwa kwa ajili ya urembo.

Wakati wa kusoma, kifaa kisiguse ukingo wa chombo, na mapovu yaliyoshika kwenye chupa yaondolewe, kwani povu moja huinua kifaa. Jicho liwe sawa na uso wa maji, na mstari usomwe pale uso wa maji ulipo tambarare, wala si pale maji yanapopanda kwenye mrija.

Jaribio la pili: kusahihisha kifaa bila kwenda baharini

Kifaa kipya hakina thamani mpaka kilinganishwe na maji ambayo uchumvi wake unajulikana. Bariadi hakuna bahari, lakini chumvi ya mezani na mizani vinatosha. Chumvi ikaushwe kwanza, kwa sababu chumvi iliyokaa wazi hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo huhesabiwa na mizani kama chumvi. Kisha gramu 37 za chumvi ziyeyushwe katika gramu 963 za maji safi ya mvua au yaliyokenekwa. Mmumunyo huo una densiti sawa na maji ya bahari yenye uchumvi wa 35. Mstari wa maji katika mrija uwekwe alama 35. Katika maji safi pawekwe alama 0. Nafasi iliyo katikati ya alama hizo igawanywe sawasawa. Mmumunyo wa gramu 18.5 za chumvi na gramu 981.5 za maji utumike kuhakikisha kwamba kifaa kinasoma karibu 17.5.

Hapa mwanafunzi makini atauliza: kwa nini gramu 37, si 35? Jibu lake ndilo kiini cha somo hili. Chumvi ya mezani ni kloridi ya sodiamu peke yake, na haiyafanyi maji kuwa mazito kwa kiasi kile kile kama mchanganyiko wa bahari. Zaidi ya hayo, kila kifaa huhitaji kiasi chake cha chumvi ya mezani ili kisome 35 sahihi:

Kwa haidromita, gramu 37.1 katika kilo moja ya mmumunyo.
Kwa refraktomita, gramu 36.5.
Kwa kipima upitishaji wa umeme, gramu 32.9.

Mmumunyo mmoja wa chumvi ya mezani, basi, ukipimwa kwa vifaa vitatu vizima, vilivyosahihishwa kwa maji ya bahari, utatoa majibu matatu. Hakuna kifaa kilichokosea. Kila kimoja kimesema kweli juu ya kile kilichokiona: uzito, mpindo wa mwanga, au ioni. Kosa ni la msomaji aliyedhani kwamba vyote vimeona chumvi.

Ifahamike pia kwamba mmumunyo huu ni wa kusahihishia vifaa tu. Samaki wa baharini hawezi kufugwa katika chumvi ya mezani peke yake, hata kama haidromita itasoma 35, kwa sababu mna upungufu wa magnesi, kalsi, potasi na vinginevyo ambavyo mwili wake unahitaji.

Joto huficha chumvi

Maji yakipata joto hutanuka na kuwa mepesi. Maji ya bahari yenye uchumvi wa 35 yana densiti ya 1.0260 katika sentigredi 15, 1.0248 katika sentigredi 20, 1.0233 katika sentigredi 25 na 1.0217 katika sentigredi 30. Kwa upande mwingine, gramu moja ya chumvi katika kilo hubadili densiti kwa karibu 0.00076 tu. Badiliko la nyuzi kumi za joto, kutoka 15 hadi 25, lina nguvu sawa na gramu 3.5 za chumvi.

Haidromita nyingi za kioo zilizotengenezwa katika nchi za baridi zimeandikwa joto ambalo zilisahihishwa, na mara nyingi ni sentigredi 15. Mtu wa Bariadi akiitumia katika tangi lenye joto la sentigredi 25, itamwonyesha 31.5 pale ambapo uchumvi wa kweli ni 35. Akiiamini, ataongeza chumvi ili afikie 35 ya kwenye karatasi, na samaki wake wataogelea katika 38.5. Amewadhuru kwa bidii yake mwenyewe.

Jambo jingine huwachanganya wengi. Vifaa vingine huandikwa densiti, na vingine densiti linganishi, yaani densiti ya maji hayo ikigawanywa kwa ile ya maji safi. Maji yale yale ya bahari katika sentigredi 25 yana densiti ya 1.0233, lakini densiti linganishi ni 1.0264 ikiwa maji safi nayo yapo katika sentigredi 25. Tarakimu mbili tofauti, maji ni yale yale. Anayeandika tarakimu katika daftari aandike pia jina la kifaa, joto la maji na namna kifaa kilivyosahihishwa. Bila mambo hayo matatu, tarakimu hiyo haimsaidii atakayeisoma kesho.

Kutoka tangini kwenda kisimani

Haidromita iliyotengenezwa darasani ikipelekwa kwenye kisima itaonekana kama imekufa. Maji ya kisima yenye gramu 2 za chumvi kwa lita huinua mrija kwa milimeta 1.6 tu, na badiliko dogo la joto hutosha kuifuta tofauti hiyo. Lakini maji hayo yanakera kinywani. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba maji yenye chini ya miligramu 600 za vitu vilivyoyeyuka kwa lita huwa na ladha nzuri kwa kawaida, na yanapozidi miligramu 1,000 huanza kuwachukiza wanywaji. Kwa maji ya namna hiyo kifaa kinachofaa ni kipima upitishaji wa umeme, au mizani na bakuli la kukaushia. Gramu 500 za maji hayo zikikaushwa huacha karibu gramu moja, na mizani nzuri ya shule huiona bila shida.

Masalio hayo yasitupwe kabla ya kuulizwa swali jingine. Yakidondoshewa siki au maji ya ndimu yakatoa povu, mna kaboneti. Ni jamii ya magadi au chokaa. Yasipotoa povu, huenda sehemu kubwa ni kloridi au salfati. Jaribio hili dogo linaonyesha wazi kwa nini kanuni ya Dittmar haifuati maji ya bara. Katika Eyasi na visima vya ukanda wa Bonde la Ufa, uwiano wa chumvi hutegemea miamba, mito na kukauka kwa maji, na haulingani na ule wa bahari. Kipima umeme kilichotengenezwa kwa ajili ya bahari kikitiwa humo kitatoa tarakimu, lakini tarakimu hiyo itakuwa makadirio tu.

Kuna onyo moja zaidi. Uchumvi mdogo si hati ya usalama. Maji ya chini ya ardhi katika sehemu nyingi za kaskazini mwa Tanzania zilizo karibu na Bonde la Ufa yana floraidi iliyozidi. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Maji yenye miligramu 500 za chumvi kwa lita huweza kuwa matamu kinywani, huku miligramu 5 kati ya hizo zikiwa floraidi, kiasi kinachozidi ukomo huo mara tatu na ambacho kwa miaka huharibu meno na mifupa ya watoto. Ulimi hautaitambua. Haidromita haitaitambua. Kipima umeme hakitaitenga na ioni nyingine. Floraidi hugunduliwa kwa kipimo chake maalumu katika maabara ya maji, na shule yenye kisima haina budi kuomba kipimo hicho kwa jina.

Hitimisho

Tangi la samaki lina faida hii kwa mwalimu: linaleta bahari, Eyasi na kisima juu ya meza moja ya darasa. Mwanafunzi aliyetengeneza haidromita yake, akaisahihisha kwa gramu 37 za chumvi, na kuona jinsi joto la mchana linavyoidanganya, hatasoma tena tarakimu yoyote kwa kuiamini tu. Atauliza kwanza kifaa kimeona nini, katika joto gani, na kimelinganishwa na nini. Mazoea hayo yatamfaa atakapopewa jukumu la kueleza kama maji ya kijiji chake yanafaa kunywewa.

Maswali ya kujipima

1. Gramu 500 za maji ya kisima zilikaushwa zikaacha masalio ya gramu 0.9. Tafuta kiasi cha chumvi kwa kilo. Je, maji hayo yamepita kiwango ambacho ladha huanza kuwachukiza wanywaji?

2. Haidromita inayohamisha sentimeta za ujazo 22 katika maji safi imewekewa shingo yenye eneo la mkato la sentimeta ya mraba 1. Itapanda kwa kiasi gani ikitolewa katika maji safi na kutiwa katika maji ya bahari?

3. Haidromita iliyosahihishwa kwa sentigredi 15 inasoma uchumvi wa 35 katika tangi lenye sentigredi 25. Uchumvi wa kweli ni kiasi gani?

4. Gramu 8.4 za bikaboneti ya sodiamu zimepashwa moto mpaka zikageuka kaboneti yote. Masalio ni gramu ngapi? Eleza maana ya jibu hilo kwa mtu anayekausha maji ya magadi.

5. Eleza kwa nini pengo la maji yaliyogeuka mvuke katika tangi la maji ya chumvi hujazwa kwa maji baridi, na kwa nini Ziwa Viktoria halikuwa kama Eyasi.

Majibu ya hesabu: (1) gramu 1.8, ndiyo, yamepita. (2) karibu milimeta 6. (3) karibu 38.5. (4) gramu 5.3.